Je, Chapa ya Baridi Humuumiza Farasi? Uchambuzi wa Kisa cha Banda Moja la Nairobi

Kisa hiki kinahusu farasi watatu wa banda moja la kufundishia watoto kupanda farasi, lililoko pembezoni mwa Nairobi upande wa Karen, ambako viwanja bado ni vipana na nyasi zinapatikana. Wa kwanza ni maksai, yaani dume aliyehasiwa, wa rangi ya hudhurungi aliyestaafu mbio za uwanja wa Ngong. Wa pili ni jike mweusi wa umri wa kati. Wa tatu ni jike mzee wa kijivu, ambaye kwa macho ya mtu asiyezoea farasi ni mweupe kabisa. Punda wa jirani walikuwa wameibwa usiku, na mwenye banda, mama aliyewatunza farasi hao kwa miaka mingi, alitaka kila mmoja wao apigwe chapa inayoonekana kwa mbali kabla mwezi haujaisha. Alikuwa ameambiwa kwamba chapa ya baridi, yaani alama inayowekwa kwa kuigandisha ngozi kwa kifaa chenye baridi kali hadi manyoya yaote meupe, haina maumivu hata kidogo, kwa kuwa baridi hutia ganzi papo hapo, na kwamba farasi husimama tu kana kwamba hakuna kinachotendeka. Saisi wake, mzee aliyefanya kazi na farasi tangu ujana wake, hakuridhika na maelezo hayo. Aliuliza mbele yetu sote: "Mama, kitu kinachoua rangi ya manyoya maisha yote, kitaachaje kumuuma?"

Niliitwa kama daktari wa mifugo ili nitoe jibu na, tukikubaliana, nifanye kazi yenyewe. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu dai la kwamba chapa ya baridi haiumi limeenea sana, na madhara yake ni ya moja kwa moja: anayeliamini hatoi dawa ya maumivu, wala hamwangalii farasi tena baada ya kifaa kuondolewa ngozini, ilhali huo ndio wakati farasi anapohitaji kuangaliwa zaidi.

Hofu ya mwenye banda haikuwa ya kubuni. Vichinjio vya punda vilivyofunguliwa nchini kuanzia mwaka 2016 kwa ajili ya soko la ngozi vilichochea wizi wa punda kiasi kwamba mwaka 2020 serikali ilitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo, na wafugaji wengi waliokuwa wakilala milango wazi walianza kufunga mazizi kwa minyororo. Anayeiba punda usiku hatashindwa kumwongoza farasi mpole aliyezoea kushikwa na watoto. Tena farasi wa kufundishia hana sura ya pekee. Maksai wa hudhurungi asiye na baka jeupe usoni wala miguuni anafanana na maksai wengine wengi, na mwenyewe akimkuta mikononi mwa mtu mwingine atapata taabu kuthibitisha kwamba ni wake.

Kinachotendeka ndani ya ngozi

Chapa ya moto ni ya kale mno, lakini ya baridi ni ya juzi. Mbinu yake ilibuniwa na daktari wa mifugo wa Marekani, R. Keith Farrell, katika Chuo Kikuu cha Washington State, na ikaanza kujulikana mwaka 1966. Marekani ilipopitisha mwaka 1971 sheria ya kuwalinda farasi na punda mwitu, idara ya serikali inayosimamia ardhi za umma ilikuja kuichukua mbinu hiyo, na hadi leo farasi mwitu wanaokamatwa huko huwekewa chapa ya baridi upande wa kushoto wa shingo, kwa alama za mistari yenye kona zinazosimamia tarakimu, ambazo ni vigumu kuzigeuza zisomeke vingine.

Kifaa cha kupigia chapa hutengenezwa kwa shaba, kwa sababu shaba hupitisha baridi upesi. Hutumbukizwa ndani ya nitrojeni iliyo katika hali ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, au ndani ya spiriti iliyotiwa barafu kavu, ambayo hufikia karibu nyuzi 78 chini ya sifuri. Manyoya hunyolewa hadi ngozini, kisha ngozi hulowanishwa kwa spiriti isiyo na maji, kwa sababu hewa iliyonaswa kati ya manyoya, au maji yaliyoganda, huizuia baridi isipite sawasawa. Kifaa hukandamizwa kwa nguvu isiyobadilika. Kwa farasi mwenye rangi, nitrojeni huhitaji sekunde 8 hadi 12 hivi, kutegemea unene wa ngozi yake. Ng'ombe huhitaji muda mrefu zaidi kwa kuwa ngozi yake ni nene. Nairobi haina shida ya nitrojeni, maana kituo cha serikali cha mbegu za fahali kilichoko Kabete huitumia kuhifadhi mbegu hizo, na mitungi yake hubebwa kila siku na wahudumu wa uhamilishaji wa ng'ombe hadi vijijini.

Lengo ni kuua seli zinazotengeneza rangi na kuuacha mzizi wa unywele ukiwa hai. Jambo hili linawezekana kwa sababu seli za rangi ni dhaifu mno mbele ya baridi: hufa ngozi ikifika nyuzi 4 hadi 7 chini ya sifuri, ilhali seli nyingine za ngozi hustahimili baridi iliyo kali kuliko hiyo. Unywele unapoota tena hukosa rangi, na mkusanyiko wa nywele hizo nyeupe ndio chapa yenyewe.

Sasa tuje kwenye maumivu. Ngozi ina neva zinazotambua ubaridi wa kawaida, na nyingine zinazotambua ubaridi unaoharibu. Joto la ngozi likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, hizi za pili huanza kupeleka ishara za maumivu. Likizidi kushuka na kukaribia sifuri, neva zenyewe hushindwa kupitisha ishara yoyote. Kwa hiyo anayesema kwamba baridi hutia ganzi hasemi uongo, ila anaeleza kipande cha katikati peke yake. Kabla ya ganzi kuna sekunde chache ambamo ngozi inashuka kutoka joto la mwili hadi kuganda, na katika sekunde hizo neva za maumivu ziko hai na zinafanya kazi. Baada ya ganzi ngozi huyeyuka. Mishipa ya damu hufunguka tena, maji hutoka ndani ya mishipa hiyo na kuingia kwenye nyama, kemikali za uvimbe humwagika kutoka kwenye seli zilizokufa, na neva zilizokuwa zimenyamaza huamka zikiwa nyepesi kuchokozeka kuliko awali. Kila aliyefua nguo kwa maji baridi asubuhi ya Julai kule Limuru, kisha akaisogeza mikono yake karibu na jiko, anajua ni wakati gani hasa vidole huuma.

Uvimbe huanza kuonekana dakika chache tu baada ya kifaa kuondolewa, na herufi zote husimama juu ya ngozi. Hukaa siku kadhaa. Baadaye tabaka la juu hukauka na kubanduka, kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya nne, na nywele nyeupe hujitokeza katika mwezi wa pili au wa tatu. Anayehukumu maumivu ya kazi hii kwa kutazama sekunde 10 za kifaa kugusa ngozi amekwisha kuondoka kabla sehemu kubwa ya habari haijaanza.

Ushahidi uliopo

Tafiti nyingi zilizopima chapa ya baridi zilifanywa kwa ng'ombe, huko Marekani na Kanada, hasa katika miaka ya 1990. Zile zilizopangwa vizuri zililinganisha waliopigwa chapa ya moto, waliopigwa chapa ya baridi, na waliofungwa tu na kuguswa kwa kifaa kisicho na moto wala baridi. Kundi hilo la tatu ndilo linaloupa utafiti thamani, kwa sababu mnyama akifungwa tu, moyo wake huenda mbio na kotisoli, homoni ya wasiwasi, hupanda katika damu, na bila kundi la kulinganisha nalo mtu angeihesabu hofu ya kufungwa kuwa ni maumivu ya chapa. Kwa jumla, chapa ya moto iliwafanya ng'ombe waruke na kuvuta kamba kwa nguvu zaidi kuliko ya baridi. Ya baridi ilikuwa nafuu, lakini haikulingana na kuguswa tu. Picha za kamera za joto zilionyesha kwamba ngozi iliyopigwa chapa, iwe ya moto au ya baridi, ilikuwa na joto kuliko ngozi isiyoguswa, dalili ya uvimbe unaoendelea, na kwamba joto hilo lilikawia zaidi palipopita moto.

Kwa farasi wenyewe, watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2009 kazi iliyolinganisha chapa ya moto na udungaji wa chipu, kidonge kidogo cha kumtambulisha mnyama kinachowekwa mwilini kwa sindano. Haikuhusu baridi, lakini naitumia kwa ajili ya namna ilivyopima: hawakutosheka na jinsi farasi alivyoshtuka wakati wa tendo, bali waliendelea kuibonyeza ngozi siku baada ya siku na kuona ni kwa nguvu kiasi gani farasi hujiondoa. Farasi wa chapa waliendelea kuwa wepesi wa kuumia mahali pale kwa siku kadhaa, ingawa mshtuko wao ulikuwa wa muda mfupi. Tangu nilipoisoma kazi hiyo, sikubali tena jibu lolote kuhusu chapa lisilogusa siku zinazofuata.

Nikiyaweka haya pamoja, hukumu yangu ni kwamba chapa ya baridi huuma. Huuma kwa uchache kuliko ya moto na kwa wingi kuliko sindano ya chipu. Na maumivu yake huja mara mbili, kwanza kwa ufupi na ukali, kisha kwa upole na urefu. Mwenye banda aliposema, "Daktari, nipe ndiyo au la," nilimjibu: "Ndiyo, Mama, itawauma. Linalobaki ni kama wanapata kitu kinachostahili maumivu hayo, na kama tutayapunguza kadiri tuwezavyo."

Kwa nini utulivu wa farasi si ushahidi

Hoja iliyokuwa imemshawishi mwenye banda ni kwamba farasi husimama kimya. Hili ni kweli mara nyingi, na ndiyo sababu linapotosha. Farasi ni mnyama anayewindwa. Kwa asili yake, anayeonyesha udhaifu ndiye anayechaguliwa na simba. Hapigi kelele anapoumia kama afanyavyo mbwa. Zaidi ya hayo, farasi wa kufundishia amezoezwa kwa miaka kuvumilia watoto wanaomvuta kigwe na kumkalia vibaya, na uvumilivu huo hauishii mbele ya daktari.

Maumivu ya farasi yanasomwa usoni kwa mtu anayejua pa kutazama. Mwaka 2014 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Milano, Italia, lilichapisha kipimo cha uso wa farasi, kilichotokana na farasi waliohasiwa, chenye sehemu sita: masikio yaliyokakamaa kuelekea nyuma, macho yanayobana, msuli ulio juu ya jicho kukaza, misuli ya kutafunia kuvimba, mdomo kukaza hadi kidevu kikajitokeza, na pua kubana na kutanuka. Kila sehemu hupewa alama kutoka 0 hadi 2. Nilimfundisha saisi kipimo hicho asubuhi moja tu, na nikaona kwamba alikuwa akikitumia tangu zamani bila kukiandika. Alinionyesha jicho la jike mzee wa kijivu na kunieleza ni siku zipi viungo vyake humsumbua, na alikuwa sahihi.

Hapa kuna jambo la kitaalamu linalopaswa kusemwa wazi. Nilikusudia kutumia zailazini, dawa ya kutuliza, kwa sababu kumshikilia farasi asiyetulizwa karibu na ndoo ya nitrojeni ni hatari kwake na kwa watu. Lakini dawa hiyo hupunguza mapigo ya moyo na hulegeza kope na mdomo. Maana yake ni kwamba, kwa nusu saa hivi baada ya kudungwa, mapigo ya moyo na sura ya uso haviwezi kutumiwa kupima maumivu. Anayemtuliza farasi kwa zailazini, kisha akatangaza kwamba uso wake ulionyesha utulivu, amepima dawa. Ndiyo maana tulipanga vipimo vyetu vya maana vianze saa mbili baada ya kazi, viendelee jioni, kisha kila siku asubuhi na jioni, kwa kutazama uso, kugusa ngozi kuzunguka chapa kwa kidole, na kuandika jinsi farasi anavyokula.

Uamuzi

Mwenye banda alitaka farasi wote watatu watendewe sawa. Sikukubali, na kwa kweli hapo ndipo mjadala ulipokuwa mkali.

Maksai wa hudhurungi na jike mweusi wana rangi iliyokolea, kwa hiyo muda mfupi wa kugusa unatosha na alama itaonekana vizuri. Pia wao ndio wanaoachwa malishoni usiku wa kiangazi. Kwao niliona faida halisi: mwizi huepuka mnyama atakayemtia mashakani barabarani, na mnunuzi naye huiona namba bila kuhitaji chombo chochote.

Kwa farasi wa kijivu hesabu inageuka. Manyoya yake tayari ni meupe, hivyo kuua rangi hakutaonyesha kitu. Alama itaonekana tu ikiwa mizizi ya manyoya itauawa na kubaki ngozi tupu. Hilo linadai kifaa kikae sekunde kadhaa zaidi, na hapo zinazokufa si seli dhaifu za rangi peke yake bali sehemu kubwa zaidi ya ngozi. Kidonda huingia ndani zaidi, uvimbe huwa mwingi, na kupona huchelewa. Farasi huyo ni mzee, hulala ndani ya banda kila usiku, na hakuna mwizi anayemtamani. Kumpiga chapa kungekuwa kumlipisha maumivu makubwa kuliko wenzake kwa faida ndogo kuliko yao. Sheria yetu ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, hupima kwa mateso yasiyo ya lazima, na sikuona ulazima wowote kwake.

Kwa hiyo yeye alipata chipu peke yake. Hiyo ni kidonge cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi, kinachosukumwa kwa sindano nene ndani ya ukano ulio juu ya shingo, upande wa kushoto, na hutoa namba yenye tarakimu 15 kinaposomwa kwa kisomaji. Huko Uingereza kila farasi alitakiwa awe na chipu kuanzia Oktoba 2020, hata wale wazee. Maumivu yake ni ya sindano na hupita upesi. Upungufu wake ni kwamba haionekani: mwizi haioni ili aogope, na mnunuzi wa njiani hana kisomaji. Kwa sababu hiyo chipu ni ushahidi mzuri baada ya farasi kupatikana, lakini haimzuii mtu kumchukua. Maksai na jike mweusi walidungwa chipu pia, ili chapa na chipu zishuhudiane.

Mahali pa kuweka chapa palitupa shida zaidi ya tulivyotarajia. Mgongoni, chini ya tandiko, alama hukaa vizuri, lakini farasi asingetandikwa kwa wiki kadhaa na banda lingekosa mapato ya masomo. Tulichagua shingo, upande wa kushoto, chini kidogo ya mstari wa manyoya marefu. Kuhusu ganzi ya sindano kuzunguka sehemu hiyo, niliamua kutoitumia, kwa kuwa sindano nyingi zinazohitajika zenyewe huchoma na maji ya dawa huvimbisha ngozi inayotakiwa kuguswa sawasawa. Badala yake niliwapa fenilbutazoni kwenye mshipa kabla ya kazi, ili dawa ya uvimbe iwe tayari mwilini wakati ngozi itakapoyeyuka, na nikaacha dozi za kuchanganya na pumba kwa siku zilizofuata. Wapo wenzangu wanaoona hatua hii ni ya ziada. Mimi naona kwamba tukijua saa hasa ambayo maumivu yataanza, kutoitanguliza dawa hakuna utetezi.

Yaliyotokea

Kazi ilifanywa asubuhi, saisi akiwa ameshika hatamu na kuongea na farasi kwa sauti ya chini muda wote. Kifaa kilipotumbukizwa, nitrojeni ilichemka kwa kishindo, na tulingoja hadi mchemko ulipotulia, kwa kuwa kifaa kisichopoa vya kutosha hukawia ngozini na kuongeza maumivu bila kuacha alama nzuri.

Maksai, pamoja na kutulizwa, alivuta kichwa na kulaza masikio mara tu baada ya kuguswa, kisha akatulia hadi kifaa kilipoondolewa. Hili lililingana kabisa na dirisha la sekunde za mwanzo nililolieleza. Jike mweusi hakutikisika hata kidogo. Kama tungeishia hapo, mwenye banda angeandika kwamba mmoja aliumia kidogo na mwingine hakuumia.

Saa mbili baadaye picha ilikuwa nyingine. Zailazini ilikuwa imeisha mwilini. Maksai alikuwa akila, masikio yake yakizunguka kufuata sauti za watoto. Jike mweusi alisimama mwisho wa banda, masikio yamekakamaa nyuma, ngozi iliyo juu ya jicho imekaza, na nilipopeleka kidole karibu na uvimbe alihamisha uzito wote na kugeuza shingo. Yule ambaye hakushtuka ndiye aliyekuwa akiumia zaidi. Niliona ni vyema kumwongezea siku za dawa kuliko mwenzake.

Jambo lenye manufaa kuliko yote lilitoka kwa saisi, siku ya pili. Aliniambia: "Daktari, huyu jike hajakataa kula. Amekataa kuinama." Nyasi zilizowekwa chini zilibaki karibu zote, lakini alipozining'iniza kwenye wavu usawa wa kifua, farasi alizila hadi zikaisha. Shingo inapoinamishwa ngozi yake hunyooka, na ngozi iliyovimba inaponyoshwa huuma. Mtu ambaye angeona nyasi zimebaki angeweza kudhani farasi anaumwa tumbo, akamwita daktari usiku kwa ugonjwa ambao haupo. Au angemwona anakula wavuni na kusema kwamba hana maumivu. Tuliinua pia ndoo ya maji, na tangu hapo naagiza hivyo kwa kila farasi anayepigwa chapa shingoni.

Siku ya nne maksai aliacha kujali kuguswa. Jike mweusi alichukua muda mrefu kidogo kuliko huo kabla ya kuinama hadi chini kwa hiari yake. Watoto walimpanda maksai katika wiki hiyo hiyo, kigwe kikishikwa mbali na upande wa kushoto, jike tulimpumzisha. Ngozi ilipobanduka katika wiki ya tatu hapakuwa na usaha wala dalili ya maumivu, ila mwasho, na saisi aliwazuia wasijikune kwenye nguzo. Namba zilionekana wazi katika mwezi wa tatu.

Jike wa kijivu, aliyepata sindano tu, alikuwa amerudi kwenye nyasi zake kabla hatujamaliza kuosha vyombo.

Swali lililofuata

Baadaye mwenye banda alinunua mwana-farasi dume mwenye umri wa miezi minane, mweusi wa kupendeza, na akaomba naye apigwe chapa ya baridi kwa taratibu zile zile, kwa kuwa sasa tulijua dawa, mahali na ulishaji. Rangi yake ilionekana kufaa. Lakini saisi alituita tutazame kuzunguka macho yake, ambako nywele nyeupe zilikuwa zimeanza kuchipuka katikati ya nyeusi. Farasi wa kijivu huzaliwa na rangi iliyokolea, na mara nyingi weupe huanzia usoni, hasa kuzunguka macho, kisha huenea mwaka hadi mwaka. Chapa ya nywele nyeupe juu ya mwili wake ingesomeka kwa miaka michache tu, halafu ingepotea ndani ya weupe wa mwili mzima, na maumivu yangekuwa yamelipwa kwa alama isiyokuwepo. Nilimweleza mwenye banda hivyo. Hakubishana. Mwana-farasi alidungwa chipu siku hiyo, akapigwa picha pande zote pamoja na mizunguko ya manyoya ya paji la uso na shingo, na saisi akahamishia kitanda chake kwenye chumba kilicho karibu na lango la malisho.